Usiitike Mara ya Kwanza

Jumapili, jioni. Musoma.

Leo ziwa limetoa moshi wake. Si moshi wa kweli. Ni wale wadudu wadogo wanaopanda kutoka majini kwa wingi mpaka wanasimama angani kama nguzo nyeusi, halafu upepo unawalaza juu ya mji. Tumefunga madirisha yote na joto limebaki ndani pamoja nasi. Naandika kwa simu ya baba, na kila mara napangusa kioo, maana wanapita hata pasipo na tundu.

Shajara, wiki nzima sijakuandikia. Jambo dogo sikuwa nalo, na kubwa niliogopa kuligusa.

Bado naogopa. Lakini leo kuna kitu kimetokea wodini kwa bibi, na nisipokiandika sasa hivi, kesho nitaanza kujiambia kwamba sikukiona vizuri.

Nianze na neno, kwa sababu kila kitu kilinikuta nikiwa nalo mkononi.

Shuleni kwetu Bunda kuna mdahalo wa Kiingereza. Safari hii nimepangwa kuwa mzungumzaji wa pili, upande unaounga mkono hoja. Nilinuna. Wa kwanza ndiye anayepigiwa makofi, wa pili anakuja wakati watu wameshaanza kunong'onezana. Madam, mwalimu wetu wa Kiingereza, aliuona uso wangu. Hakunikaripia. Alisema, "Nenda maktaba, tafuta neno 'second' limetoka wapi. Ukirudi uniambie kama bado umenuna."

Nilienda. Kuna kamusi moja kubwa pale ambayo hakuna anayeiazima kwa sababu ni nzito. Nilikaa nayo mpaka kengele ya chakula.

Neno hilo halikuwa la Waingereza. Zamani wao kwa jambo la pili walisema tu "other", yaani mwingine. Wa kwanza, mwingine, wa tatu. Halafu likaja hili neno kutoka kwa Wafaransa, na Wafaransa walilipata kwenye Kilatini, ambako lilitokana na kitendo cha kufuata. Wa pili ni anayefuata, basi. Warumi walilitumia neno hilohilo kwa upepo unaokifuata chombo kwa nyuma na kukisukuma. Na zile sekunde za saa zimetoka hapohapo: saa iligawanywa mara ya kwanza ikatoa dakika, dakika zikagawanywa mara ya pili zikatoa sekunde.

Niliyanakili yote nikafurahi. Kwetu wa kwanza ni yule anayeanza, nikawaza, na kwao wa pili ni yule anayefuata. Maneno mawili ya lugha mbili, yanatembea njia moja kama watu wanaofahamiana.

Kilichonitia baridi kilikuja baadaye, bwenini, nikiwa nimelala. Nilikumbuka kwamba mimi mwenyewe ni wa pili.

Mimi ni Nyangeta wa pili.

Nyangeta wa kwanza alikuwa shangazi yangu, binti mkubwa wa bibi, dada wa baba. Wakati huo walikuwa wanaishi Mugango, karibu kabisa na maji. Shangazi alikuwa anavuka kwenda kisiwa cha Rukuba kuuza vitenge na sabuni kwenye kambi za wavuvi, anarudi na dagaa. Asubuhi moja alikuwa anaosha vyombo ufukweni pamoja na bibi, akaitwa jina lake. Mara moja tu. Bibi naye alisikia. Shangazi akaitika, "Abee!", akajifuta mikono kwenye kanga, akaenda kuangalia ni nani. Kulikuwa na mtumbwi unaondoka, akapanda kama siku nyingine zote.

Rukuba walisema mtumbwi huo haukufika. Na bibi aliwauliza wote waliokuwa ufukweni asubuhi ile, mmoja mmoja. Hakuna aliyekubali kwamba alimwita.

Hakuonekana. Hakuzikwa. Bibi akaondoka Mugango, akaja kujenga Butiama kwenye mawe, kiwanja ambacho ziwa halionekani hata ukipanda juu ya paa. Ndipo alipoweka sheria yake, na sisi wote tumelelewa nayo.

"Ukiitwa mara moja, kaa kimya," alikuwa anatuambia. "Usiitikage. Mtu aliye hai ana pumzi ya kuita tena. Kile kingine pumzi yake ni moja tu. Ukikiitikia, umeshakubali kukifuata."

Najua wengi wanasikia jambo kama hili wakiwa watoto, na ni la usiku tu. Kwa bibi lilikuwa la saa zote. Nyumbani tunaitana mara mbili mbili. Ukimpigia bibi simu, ya kwanza hapokei. Inaita mpaka inakatika. Ya pili anaipokea haraka, kama alikuwa ameishika mkononi akiiangalia. Baba naye anafanya hivyohivyo, mtu mzima mwenye duka la vifaa vya baiskeli, na wateja wanamlalamikia. Mimi shuleni nimeshawahi kusimamishwa mbele ya darasa kwa kutoitika kwenye mahudhurio. Darasani wananiita Kwa Mara ya Pili. "Oya, Kwa Mara ya Pili, chakula tayari! Chakula tayari! Haya, nimesema mara mbili, usije ukalala njaa." Nacheka nao. Lakini siitiki mpaka ya pili.

Jina lenyewe nililichagua mimi, ndivyo wanavyosema. Nilipozaliwa nilikuwa nalia bila kukoma, wakaanza kunitajia majina ya waliotangulia, kama ilivyo kwetu. Wakataja mama yake babu, nikalia. Wakataja mwingine, nikalia. Watu hawakutaka kulitaja la shangazi kwa sababu hakuna aliyeuona mwili wake. Bibi ndiye aliyelitaja. Nikanyamaza.

Tangu hapo kuna siku bibi ananisema kwa mambo ambayo sikuyafanya. "Ulisema utaniletea samaki wa furu wa kukausha, mbona umerudi mikono mitupu?" Zamani nilifikiri ni uzee. Nilikuwa najibu, "Nitaleta, bibi."

Sasa Jumatatu.

Tulikuwa tumefunga shule kwa likizo fupi, nikapitia Butiama nikae na bibi kabla ya kushuka Musoma. Mchana ule ulikuwa na joto la kabla ya mvua, mawingu yamekaa juu ya mawe bila kusogea. Bibi aliniambia anakwenda kugeuza makopa ya muhogo. Anayaanika kwenye mwamba mkubwa nyuma ya nyumba, unapanda kidogo, halafu unakuwa tambarare kama sakafu. Nikasema nimsaidie. Akasema, "Soma. Makopa hayana mtihani."

Nikabaki ndani na karatasi zangu za mdahalo. Nilikuwa nimeandika neno "kufuata", nikalipigia mstari.

Nikaitwa.

"Nyangeta?"

Ilikuwa sauti ya mwanamke. Haikutoka nyuma, kwenye mwamba. Ilitoka mbele ya nyumba, upande wa njia inayoshuka kuelekea Mugango. Wala haikupazwa. Mwisho wa jina ulipanda juu kidogo, kama mtu anayeuliza kama nipo.

Nikanyamaza, kama nilivyofundishwa. Nikasubiri ya pili.

Haikuja.

Mlango ulikuwa wazi na nilikuwa naona uani. Kuku walikuwa wamesimama. Hawakuwa wanadonoa. Wamesimama, shingo zimenyooka, wote wanaangalia upande mmoja, kule kwenye njia. Mimi kutoka nilipokaa njia nilikuwa siioni.

Hapa ndipo sijielewi, shajara. Miaka yangu yote nimesubiri ya pili. Nimesimamishwa darasani kwa ajili yake. Siku ile niliinuka. Sikuamua. Nilihisi kitu mgongoni, si mkono, ni kama upepo ukiwa nyuma yako barabarani na miguu inakuwa myepesi. Nikafika mlangoni, nikatoka, nikasema kwa sauti yangu mwenyewe:

"Abee?"

Njia ilikuwa tupu mpaka inapokunja.

Tone la mvua likaniangukia mkononi, kubwa, la baridi. Ndipo nikakumbuka makopa. Bibi haachi makopa yanyeshewe. Tone la kwanza likidondoka yeye huwa ameshayakusanya. Nikasikiliza, sikusikia makopa yakimiminwa kwenye ungo. Nikakimbia.

Alikuwa ameanguka upande wa pili wa mwamba, kwenye upenyo kati ya mawe, mahali ambapo mtu akipita chini hawezi kumwona. Uso wake ulikuwa umevutwa upande mmoja. Mkono wake mmoja ulikuwa mweupe kwa unga wa muhogo, na alikuwa anaufungua na kuufumba, anaufungua na kuufumba. Macho yalikuwa yananiangalia. Nilimwinua kichwa nikampigia kelele jirani yetu, Mama Wegesa, mara mbili, hata wakati ule.

Mama Wegesa alikuja na watu, wakambeba kwa kitanda cha kamba mpaka barabarani, tukapata gari. Nilimpigia baba kwa simu ya bibi. Alipokea simu ya kwanza. Hajawahi kupokea ya kwanza maisha yangu yote. Nilipomuuliza siku nyingine, alisema, "Sijui. Mkono ulienda wenyewe."

Mvua ilipotukuta njiani ilikuwa kubwa kiasi kwamba dereva aliwasha taa mchana.

Hapa Musoma daktari alisema ni kiharusi. Alisema pia tuliwahi, na kwamba angelala pale kwenye mvua mpaka jioni tungekuwa tunazungumza mambo mengine. Baba alinishika bega. Mimi nilikuwa nalia, nikasema ningetoka mapema zaidi, nilikaa nasubiri. Daktari ni mpole. Alifikiri najilaumu kwamba sikusikia. Akaniambia maneno ya kunifariji.

"Usijilaumu, binti. Huyu sauti ilikatika palepale alipoanguka. Asingeweza kukuita."

Nikamwangalia.

"Lakini niliitwa," nikasema.

Akatabasamu kama watu wazima wanavyotabasamu, akaenda kwa mgonjwa mwingine.

Mama Wegesa alikuwa amekaa kwenye benchi la nje na amesikia. Akanivuta karibu. "Mwanangu, uliitwa mara ngapi?"

"Moja."

"Ukaitika?"

Nikatikisa kichwa kwamba ndiyo.

"Yesu wangu." Akaangalia kushoto na kulia. "Basi sikiliza. Mwaka huu usikanyage ziwani. Hata kunawa, usinawie kule. Nawia bombani."

Baba alikuwa amesimama mlangoni. "Mama Wegesa, na maji ya bombani Musoma yanatokaga wapi? Si ziwani humohumo?"

"We baba nawe! Yanapitia dawa kwanza."

"Kwa hiyo mzimu unakufa kwa dawa ya maji."

"Cheka tu. Mimi nimesema yangu."

Walicheka wote wawili, hata mimi nilicheka. Lakini baba aliponirudisha nyumbani jioni ile hakuwasha redio. Tulipofika mtaa wa Nyasho akaniuliza sauti ilitoka upande gani. Nikamwambia, upande wa njia ya Mugango. Tukafika getini.

"Dada alikuwaga haiti kama watu wengine," akasema. Hakuwa ananiangalia. "Alikuwaga anamalizia juu, kama anauliza. Hata akikuona upo mbele yake. Tulikuwaga tunamcheka."

Sikuwa nimemwambia habari hiyo. Sikuwa nimemwambia mtu yeyote jinsi lilivyomalizika lile jina.

Sikumwambia hata baada ya hapo. Niliingia ndani nikaosha vyombo, nikaviosha tena.

Siku zote hizi nimekuwa nikienda wodini na kurudi. Bibi yupo, anaangalia, anameza uji, mkono mmoja unasogea. Sauti hakuna. Nesi anasema inaweza kurudi na inaweza isirudi, tuzidi kumsemesha. Namsemesha. Namweleza habari za mdahalo, namwambia nimeacha kununa. Nikirudi nyumbani napita barabara ya juu ili nisilione ziwa, na bado linaonekana kila nyumba mbili zinapoachana. Mji huu umezungukwa nalo kama ulimi uliotoka nje.

Naogopa nini, niandike wazi. Bibi alisema ukiitikia ya kwanza umekubali kufuata. Mimi niliitikia ya kwanza. Ninalo jina la aliyepotea. Na katika kitabu kizito cha maktaba nilisoma kwa macho yangu kwamba wa pili ni anayefuata. Sijui kama hayo matatu ni jambo moja au ni mambo matatu yaliyokutana njiani. Usiku navuta shuka mpaka kidevuni na kujiuliza nimekubali kwenda wapi.

Mwenye kunijibu ni mmoja, na hana sauti.

Leo sasa. Baba alikuwa na mgeni dukani, nikaenda peke yangu saa za kuona wagonjwa. Kitanda cha bibi kiko karibu na dirisha linaloangalia ziwa. Nimemwomba nesi tangu Jumanne amsogeze, akasema hakuna nafasi. Wadudu walikuwa wameanza kupanda na ile nguzo nyeusi ilikuwa imesimama juu ya maji, inajikunja polepole kama mtu anayegeuka aone nyuma. Mwanga wodini ukawa wa kahawia. Nilifunga dirisha. Nikakaa kati ya kitanda na dirisha, mgongo wangu kwenye dirisha, nikaanza kumkanda bibi ule mkono usiosogea.

Nikahisi mkono mwingine umenigusa.

Alikuwa amefungua mdomo. Kilitoka kwanza kitu kama kukohoa. Kisha, kwa kukwama, kwa ulimi mzito, lakini jina lilikuwa jina:

"Nya... ngeta."

Nikaacha kumkanda. Maneno yalikuwa mdomoni tayari. Nikayashika.

Nikasubiri.

Utaniona mjinga, shajara. Mgonjwa ametoa sauti ya kwanza wiki nzima na mjukuu wake amemkodolea macho hajibu. Lakini yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha. Na nilitaka kujua. Nilitaka kujua kwamba ni yeye, kwamba pumzi ipo ya kutosha, kwamba nimeitwa na mtu.

Alielewa. Naapa alielewa. Kuna kitu kilipita machoni mwake, kama anapoonja mboga niliyoipika na kukuta chumvi inatosha. Akafumba macho. Akavuta pumzi, nikaona kifua kinavyopanda chini ya shuka, kikasimama, nikadhani hakitashuka. Jasho lilimtoka juu ya mdomo. Akafungua macho tena.

"Nyangeta."

"Abee, bibi."

Alilia, nami nililia. Nesi alikuja mbio, akamwita daktari wa zamu, wakamulika macho, wakamwambia atoe ulimi. Daktari akasema ni dalili nzuri sana. Baba alipopigiwa simu nilisikia tu anapumua na kengele ya baiskeli inajaribiwa nyuma yake. Mama Wegesa amesema kwa simu kwamba anachinja jogoo, halafu akauliza, "Alikuita mara mbili lakini?" Nikamwambia ndiyo, mara mbili.

Ndiyo.

Nimeandika mpaka hapa na mkono unataka kuacha. Niandike na hili.

Mara ya pili bibi alikuwa ananiangalia mimi, machoni kabisa. Mara ya kwanza hakuwa ananiangalia mimi. Alikuwa anaangalia juu ya bega langu, kwenye dirisha. Hakuwa na hofu. Alikuwa na uso wa mama aliyekaa nyumbani anasubiri, akasikia hatua anazozijua uani.

Niligeuka, baada ya kuitika. Dirisha lilikuwa limefungwa kama nilivyolifunga. Kwa nje wadudu walikuwa wamefunika kioo chote, wamekuwa weusi tii, isipokuwa sehemu moja katikati, kama mahali mtu alipoegemeza kiganja.

Nimekaa na hilo tangu nirudi. Hofu ipo, lakini si ileile ya jana. Kama kuna aliyeniita Jumatatu mchana, aliniita nikamwokoe mama yake. Alikuwa na pumzi moja na aliitumia hapo. Kwenye mdahalo hoja isiyo na wa pili wa kuiunga mkono inaanguka, haijadiliwi hata kama ni nzuri. Pengine ndilo lililohitajika kwangu, niwe wa pili wake. Pengine nimeshafuata tayari, na nilikokubali kwenda ni kule nyuma ya mwamba tu, kwenye mvua, na safari imekwisha.

Pengine. Ziwani sitakwenda mwaka huu hata hivyo. Mama Wegesa asijue.

Ijumaa nitasimama mbele ya shule nzima nikiwa wa pili, na sitanuna. Madam nitamweleza habari za upepo unaofuata kwa nyuma. Haya mengine sitamweleza.

Ila kuna swali nimeshindwa kulifunga. Je, leo bibi aliniita mimi mara mbili? Au alituita wawili, kila mmoja mara moja?

Kesho asubuhi, kabla ya basi la Bunda, nitapita wodini. Nitafungua lile dirisha kidogo. Halafu nitasema shikamoo mara mbili.